Betri inavuja? Usinunue nyingine, pima chaji kwanza

Mkuu, rudisha hiyo hela mfukoni. Umesema maji ya betri yanachuruzika pembeni, kuna ungaunga mweupe kwenye teminali, ukifungua boneti ni harufu ya mayai viza, na fundi kakwambia ununue mpya kesho. Unauliza kampuni gani nzuri. Mimi niliuliza swali hilohilo, nikamaliza betri tatu ndani ya miezi minane.

Ya kwanza, muuzaji alisema ilikuwa feki. Ya pili (nilinunua dukani kwake tena, akili yangu hiyo) akasema nimeizidishia maji. Ya tatu akalaumu makorongo ya mtaani kwetu. Hata siku moja hakushika mita. Apime ili iweje, na mteja anarudi mwenyewe na hela taslimu? Kubeba zile betri tu kulinitoboa suruali mbili mapajani. Mama watoto akadhani ni panya, akanunua sumu; kumbe ni asidi ya betri.

Hayo bado madogo. Nikampelekea gari fundi rewaya (wa umeme wa magari) anayesifika mtaa mzima. Gari ikiwa inaunguruma, akalegeza teminali ya hasi, akaichomoa, eti anapima alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka. "Bosi, ikizima alteneta imekufa. Isipozima, nzima." Haikuzima. Taa ziling'aa kama za ukumbi wa harusi, kisha zikaungua zote mbili, redio kimya, dashibodi ikawaka rangi zote. Jamaa akafuta mikono akasema, "Umeona? Alteneta nzima."

Kontroo boksi, yaani kompyuta ya gari, ilikuwa imeungua. Ya mtumba, pamoja na mtu wa kuipanga, ilinitoka laki sita na themanini. Betri zote tatu kwa pamoja hazikufika huko.

USIMRUHUSU MTU KUCHOMOA BETRI INJINI IKIWA INAZUNGUKA. Betri si tangi la umeme tu, ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye alteneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka mara kadhaa zaidi ya kawaida, na chochote chenye chipu ndani kinapokea kipigo. Huo ni mchezo wa enzi za dinamo, gari halina kompyuta hata moja. Leo anakuchezea hivyo na anakudai elfu kumi ya ufundi. Na mimi nikalipa! Nikamshukuru!

Kinachoniuma zaidi, kipimo chenyewe kisingeonyesha kitu. Alteneta yangu haikuwa imekufa, ilikuwa na kiherehere. Reguleta iliyo ndani yake, kile kifaa cha kudhibiti volti, iliharibika, ikawa inasukuma volti 15.9. Betri ya volti 12 ukiilisha hivyo inachemka, maji yanageuka gesi, asidi inatokea kwenye vifuniko. Ndiyo huo unga wako na hiyo harufu. Reguleta nilibadilisha kwa elfu arobaini na tano. Elfu arobaini na tano, jamani.

Kwa hiyo tafuta mita, hata ile ya bei ndogo. Iweke kwenye volti za DC, alama ya 20. Asubuhi kabla hujawasha gari, betri iliyojaa inasoma kama 12.6. Washa, pima tena palepale kwenye nguzo za betri: ikicheza kati ya 13.8 na 14.5 chaji iko sawa. Ikivuka 15, hasa ukikanyaga mafuta, achana na duka la betri, shusha alteneta. Ikibaki 12 na kitu, haichaji kabisa, basi anza na mkanda unaozungusha alteneta na waya wa ethi (ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi), maana mafundi wetu wanapenda kurukia alteneta kabla ya kukaza nati.

Kama boksi la betri lenyewe lina ufa, sawa, hiyo betri imeshakwenda. Hata hivyo mpya isiingie kabla hujapima, la sivyo utaipika na yenyewe.

Unga huo umwagie maji yenye magadi soda, vaa glavu, vifuniko viwe vimefungwa. Sigara weka mbali, kuna haidrojeni hapo na inalipuka.

Uliuliza pia habari ya betri kavu na kitu gani sijui kuhusu waranti, wengine watakujibu. Mimi nataka namba mbili tu: injini ikiwa imezimwa, na injini ikiwa inaunguruma. Ziandike hapa kabla hujaenda dukani.