Usitume pesa hiyo Ijumaa kabla hujaiona sakafu ya Vespa kwa chini

Mkuu mleta mada, usitume pesa hiyo. Umeandika kwamba umeona Tanga skuta aina ya Vespa PX 150 ya mwaka 1984, rangi ya samawati iliyopakwa mwezi uliopita, kwamba fundi wako ameiwasha kwa kiki moja na kukuhakikishia kuwa injini ni nzima, na kwamba muuzaji anataka malipo ya awali ifikapo Ijumaa. Ukauliza kuhusu kiasi cha oili, kama itawabeba wewe na mkeo hadi Bagamoyo, na kama ingekuwa busara zaidi kutafuta Volkswagen ya zamani, ile ya umbo la kobe. Nimesoma majibu ya waliotangulia, na karibu wote wanakwambia lile lile nililoambiwa mimi hapa Unguja mwaka 2016: angalia injini, bodi utapaka rangi. Hakuna kauli iliyonitia hasara kubwa kuliko hiyo tangu nianze kumiliki vyombo vya moto, na nusura initie msibani.

Kwa pikipiki ya kawaida, kama hizi za bodaboda, kauli hiyo ina maana, kwa sababu chesisi yake, yaani kiunzi kinachobeba mzigo, ni mabomba unayoyaona kwa macho na mengine yote ni mapambo. Vespa haina chesisi ya namna hiyo. Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege aliyeibunia kampuni ya Piaggio chombo hiki mwaka 1946, hakuzipenda pikipiki za wakati wake. Alitaka mtu akae kama aketiye kitini, bila bomba la kumpita katikati ya miguu wala mnyororo wa kumchafulia nguo, na kwa hiyo akaifanya bodi yenyewe, bati la chuma lililokandamizwa, ibebe mzigo wote kama ganda la ndege linavyobeba. Usukani umeshikwa na bati, injini imening'inia kwenye bati, stendi imefungwa kwenye bati, na pedali ya breki ya nyuma, ile ya mguu wa kulia, imefungwa kwenye sakafu ile ile unayoikanyaga. Sakafu ikioza, ujue kilichooza ni chesisi.

Mimi sikulijua hilo. Niliikuta Vespa yangu ikiwa nyeupe, inang'aa, mipira ya sakafuni mipya, na chini imepakwa lami nyeusi ambayo dalali aliisifia kwamba ni kinga ya kutu. Nilisikiliza injini kwa nusu saa nzima. Nilifungua plagi nikaitazama rangi yake, nikapima klachi, nikapanda gia zote nne, nikaridhika, nikalipa shilingi 2,300,000. Kwa miezi minne niliishi kama niliyeokota dhahabu.

Masika yalipoingia, rangi ilianza kuvimba kando ya pedali ya breki, kitu kama malengelenge ya mtu aliyeungua. Nilidhani ni kasoro ya rangi. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimempakia mke wangu tukitokea Darajani, daladala ikasimama ghafla mbele yetu, nikakanyaga breki, na badala ya pedali kushuka peke yake ikashuka pamoja na sakafu. Nilihisi kwa unyayo bati likizama, waya wa breki ukalegea, na gurudumu la nyuma halikushika. Breki ya mbele ndiyo iliyotusimamisha, kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye bampa ya ile daladala. Mke wangu alishuka bila kusema neno, akatembea kwa miguu hadi nyumbani, na sikumlaumu.

Jioni ile niliilaza Vespa ubavuni juu ya godoro kuukuu, nikaanza kuikwangua lami kwa bisibisi. Chini ya lami kulikuwa na puti, ile rojo ya kusawazishia bati kabla ya rangi, unene wa kidole. Chini ya puti kulikuwa na kipande cha kopo la mafuta ya kupikia, kimekatwa kwa mkasi na kugongewa misumari ya ribiti, na maandishi ya kopo yalikuwa bado yanasomeka. Chini ya kopo hapakuwa na kitu. Mihimili inayopita chini ya sakafu, ambayo ndiyo inayozuia bodi isijipinde, ilikuwa imebaki unga wa kahawia uliomwagika kwenye kiganja changu. Stendi ilikuwa imeshikiliwa na bolti moja kati ya zile zinazotakiwa.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea aliye jirani, mtu mwema na hodari wa mageti, naye akaikata sakafu yote iliyooza kwa siku moja. Hakuna aliyetwambia kwamba kabla ya kuikata sakafu ya Vespa ni lazima kwanza uchomelee vyuma vya muda kutoka kwenye ngao ya mbele, ile inayokinga miguu, hadi chini ya kiti, kwa sababu sakafu ikishaondoka hakuna kingine kinachoziunganisha nusu mbili isipokuwa ule mgongo mwembamba wa katikati. Bodi ilijikunja kidogo, isionekane kwa macho, na sakafu mpya ikachomelewa juu ya upogo huo. Ilipotoka, ukiachia usukani kidogo tu ilikuwa inakwenda kulia kama punda aliyeona maji. Tulipovuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele ndipo tulipoona kwamba haya mawili hayafuatani. Kazi hiyo ilikuwa shilingi 600,000. Sakafu ya kiwandani kutoka India, pamoja na usafirishaji, ilikuwa 380,000, na fundi wa pili, aliyeikata kazi yote ya kwanza, akainyoosha bodi na kuipaka rangi upya, alichukua 1,150,000. Jumla ni shilingi 2,130,000, karibu sawa na bei niliyonunulia, na Vespa ilikaa bila kutembea miezi kumi na mmoja.

Dalali nilipomrudia aliniambia kwamba Vespa ni bati tu, ikitoboka unaziba. Hasira yangu kwake haijapoa mpaka leo, kwa sababu alijua. Mtu hagongi kopo la mafuta mahali ambapo binadamu ataweka mguu wa breki kisha akasahau. Nawakasirikia vilevile wanaokariri ushauri wa injini kwanza bila kuwahi kulala chini ya Vespa hata moja. Injini ndiyo sehemu rahisi. Kampuni ya LML ya Kanpur, India, iliunda mfululizo huo huo wa Piaggio kuanzia miaka ya 1980, spea zake nyingi zinaingia kwenye PX, na fundi mwenye spana na mkono mtulivu atabadilisha pistoni na ringi kwa siku moja. Ningenunua iliyokufa injini na yenye sakafu nzima bila kujiuliza mara mbili.

Kwa hiyo nenda Tanga mwenyewe, ukiwa na sumaku ndogo, tochi na bisibisi. Ng'oa mipira ya sakafuni. Pitisha sumaku taratibu kuizunguka pedali, kwenye kona ambapo sakafu inapanda kukutana na ngao ya mbele, na mahali stendi ilipofungwa. Isiponasa, umekutana na puti. Kisha ilaze ubavuni, utafute vile vishimo vidogo vya mviringo ambavyo kiwanda huviacha pale kilipounganisha mihimili na sakafu. Vikiwa vimefunikwa na pamekuwa laini, mtu amepita hapo kabla yako. Namba ya chesisi ya PX 150 huanza na VLX1T. Isome kwa kidole pia, ujue kama herufi zake zimezama ndani ya puti. Iwapo kuna nyingine yenye rangi yake ya kiwandani iliyopauka na kutu ya wazi unayoweza kuipima, chukua hiyo, hata kama haiwaki.

Kuhusu oili, kama haina tangi lake la oili, changanya mililita 20 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Volkswagen sina uzoefu nayo wa kutosha, ila sakafu yake angalau hufungwa kwa bolti chini ya bodi, jambo ambalo Vespa haikupi.

Umeandika pia, kama sifa, kwamba muuzaji ameshaipaka lami kwa chini. Mwambie aikwangue kiasi cha kiganja karibu na pedali ya breki, akutumie picha leo. Akikataa, pesa yako ibaki kwako.