Sharp PC-1500 ya marehemu mzee haiwaki: fungua pa betri kwanza

Mkuu, umesema umekuta Sharp PC-1500, ile kompyuta ya mfukoni, na printa yake CE-150 kwenye sanduku la marehemu baba, ukaweka betri mpya ikakaa kimya, na fundi simu wa Kariakoo akakwambia bodi imekufa. Pole kwa msiba. Usiitupe. Ninazo tatu, zote niliuziwa kama mbovu, na mbovu ya kweli ilikuwa moja.

Kinachoziua hapa Dar ni betri zilizosahaulika ndani, unyevu wetu unamalizia. Angalia springi pale zinapokaa betri nne za AA. Ukiona ukungu mweupe au wa kijani, zilivuja. Kama zilikuwa alkalaini, sugua kwa pamba yenye siki au ndimu. Kama ni zile za bei rahisi za zinki na kaboni, maji yake ni asidi, siki haina kazi hapo. Tumia soda ya kuokea iliyoloweshwa. Malizia na spiriti na mswaki mkuukuu, uache ikauke kivulini siku nzima. Bloa ya fundi simu (ile ya hewa ya moto) isisogee karibu na kioo.

Yangu ya kwanza niliitoa kwenye mitumba Karume. Springi nilizisugua zikang'aa, bado kimya. Nimehangaika na mita wiki mbili, kumbe waya unaotoka kwenye springi umeoza ndani ya ganda lake. Kwa nje mzima kabisa. Ukiuvuta unakatika kama tambi. Nikabadilisha waya, ikawaka. Basi pima waya kabla ya kuituhumu bodi.

Ikishapata umeme, bonyeza kitufe cha ALL RESET kilicho mgongoni kwa ncha ya peni. Kioo kikiandika NEW0? :CHECK, piga kigelegele. Bonyeza CL, andika NEW0 (mwisho ni sifuri), kisha ENTER. Programu za mzee zilizokuwa ndani zimeshakwenda, kwa sababu kumbukumbu yake hutegemea betri. Ila rudi kwenye lile sanduku utafute kaseti! Mashine hii ilihifadhi programu kwenye kaseti za kawaida kupitia CE-150. Ukisikia milio kama ya faksi, hiyo ndiyo kazi yake, mtu asije akarekodia taarabu juu.

Printa usiichomeke kwenye umeme kabisa. Ndani ina betri zake za kuchaji, nikeli na kadimiamu, na kwa umri huu zinavuja. Itenganishe na kompyuta, ifungue, zitoe. Vikalamu vyake vinne (nyeusi, bluu, kijani, nyekundu) vitakuwa vimekauka, hilo ni tatizo la baadaye. Karatasi ni ya upana wa milimita 58. Kwa majaribio mimi hukata kipande cha roli ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi.

Halafu jua umeshika kitu adimu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, na hizi zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 80. Nahisi nyingi ziliingia mjini mifukoni mwa watu waliorudi masomoni, zikionekana ni vikokotoo tu. Mzee wako alisomea nje?

Kaseti ukiipata usiicheze kwenye redio yoyote tu, mkanda wa zamani huliwa. Ninayo redio moja inavuta vizuri. Tukutane Karume Jumamosi, tuirekodi kwenye simu kwanza.