Barua kwa mwanangu: lile swali lako la fungu la kumi

Mwanangu,

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nilikuwa nachambua maharage mpaka baba yako akauliza mbona unaongea na maharage. Umeuliza kama ni dhambi kusimamisha fungu la kumi mpaka umalize ule mkopo uliochukua kwenye app ya simu. Sasa mi sio mchungaji, na mchungaji mwenyewe ukimuuliza unajua atakujibu nini, yule ana madirisha ya kanisa hayajawekwa vioo. Ngoja nikwambie kitu kingine kwanza.

Mi nilijua kabla hujaniambia. Kama wiki mbili kabla ya hiyo voisi iliingia meseji kwenye simu yangu, namba siijui, wameandika majina yako yote matatu, eti ndugu yako anadaiwa na amekimbia, mwambie alipe haraka. Nikatafuta kigoda nikakaa. Jioni mama yako mkubwa akapiga, kumbe na yeye kapata. Nikanyamaza, maana nakujua, ungeumia zaidi kwa sababu nimejua kuliko kwa hilo deni lenyewe. Na hao watu wa app wanalijua hilo kuliko mimi. Benki Kuu si ilitoa orodha mwaka 2024, app 69, ikasema hazina leseni, watu tukashangilia, lakini anayetafuta hela saa nne usiku mtoto ana homa haulizi leseni. Hawakutishii na polisi wala mahakama mwanangu, wanakutishia na mama yako.

Ndo maana nimeikumbuka ile cherehani.

Mwaka 2001 ulikuwa mdogo, pengine unaikumbuka imekaa pale chini ya dirisha, nyeusi, imefunikwa na kile kitambaa cheupe nilichodarizi mwenyewe. Mwaka ule bei ya kahawa ilianguka dunia nzima, redioni wanasema Vietnam wamelima sana, baba yako akawa anawalaumu Wavietnam kama majirani waliosogeza mpaka wa shamba. Yale malipo ya kwanza ya chama cha msingi cha wakulima hayakutosha hata dawa ya chulebuni, ule ugonjwa wa kahawa, tuliyokuwa tumepulizia. Malipo ya pili tuliyasubiri weee, mwisho tukaacha hata kuyataja. Wenzetu wakaanza kung'oa wapande nyanya, baba yako akasema kahawa ya baba yake haing'olewi na Mvietnam. Haya.

Sasa mwaka kabla ya hapo baba yako alikuwa amesimama kanisani akaahidi laki moja ya jengo. Laki moja! Mi nikamvuta koti, yeye akadhani namwambia aongeze. Mpaka Pasaka iliyofuata tulikuwa tumelipa elfu 15 tu. Basi Jumapili moja baada ya kutangaza ndoa wakasoma majina ya ambao hawajamaliza ahadi, jina na kiasi kilichobaki, mmoja mmoja. Sisi tulikuwa wa saba. Wimbo uliofuata baba yako aliuimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote, mi hata kitabu sikufungua.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa mama mmoja sokoni aliyekuwa anakopesha kwa riba ya kila mwezi, nikaweka cherehani rehani, baba yako sikumwambia. Jumapili nikapeleka elfu 85 taslimu, wakapiga makofi, Bwana asifiwe, na mi nikajisikia vizuri, sikufichi, nilijisikia vizuri mpaka kama Alhamisi hivi.

Mwezi wa nane wakaja kuichukua. Vijana wawili wameibeba huku na huku, baba yako amesimama mlangoni hajui lolote, na hakuuliza. Vijana walipofika barabarani akakiokota kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka kitandani upande wangu. Basi. Mpaka leo hajawahi kuniuliza. Ningetamani angenifokea siku ile tukamaliza.

Na ile cherehani ndo ilikuwa inatulisha, sare za shule za nusu ya kijiji zilipita pale. Miezi ile jioni ilikuwa ni uji, mkiuliza ugali nawaambia daktari kasema uji. Na ndo maana nasema siku zote, Mungu hajawahi kutulaza njaa, ila kuna siku anatulaza na uji. Mnanicheka nikisema hivyo, dada yako anasema nikaichapishe kwenye kanga, chekeni tu, mimi nimeilala hiyo.

Sasa je, nilitoa kwa imani au kwa aibu? Hili nimelizungusha kichwani miaka yote hii. Kuna siku najiambia nilimtolea Mungu na yeye anaujua moyo. Siku nyingine nasema ebo, Mungu hakuwa na ile orodha, orodha alikuwa nayo mzee wa kanisa, na mi nilimkopea yule mzee wa kanisa. Lakini tena jengo lile ndo mlipopatia kipaimara wote, mvua inanyesha nje hakuna aliyelowa, na bati mbili tatu pale juu ni cherehani yangu. Kwa hiyo sijui. Ningesema nilikosea, afu nikikaa kule ndani siku ya mvua naona hapana, sikukosea sana.

Ile Wafilipi 4 uliyoniandikia, Paulo kajifunza kuwa radhi na hali yoyote, mi naipenda sana, lakini watu mnasoma wa 11 mnarukia wa 13, wa 14 mnauacha. Huo unasema mlifanya vema kushiriki nami katika dhiki yangu. Yaani barua yenyewe ni ya shukrani, mtu yuko kifungoni, wenzake wamechanga wakamtumia Epafrodito na vitu, na yeye kapokea, kasema asante. Hakujifungia na uradhi wake. Mwaka 2001 mi sikumwambia mtu hata mmoja, hata mama yako mkubwa ambaye wakati ule alikuwa ana ng'ombe wawili wa maziwa! Uji niliunywa, ndio, lakini niliunywa nimefunga mlango, na uji wa hivyo haushibishi.

Tukirudi kwenye swali lako. Ukisoma 2 Wafalme 4, yule mjane ambaye mwia, yaani anayemdai, anakuja kumchukulia watoto, Elisha alimwambia auze mafuta, alipe deni, yanayosalia atumie yeye na wanawe. Fungu la kumi hakulitaja. Mi sijasema kitu, nimekusomea Biblia tu. Jibu ninalo lakini nalimeza, maana nikilitoa utalitii kwa kuniogopa, afu itakuwa yaleyale ya majina. Ila ukiniuliza tena Krismasi uso kwa uso nitashindwa kulimeza.

Jumamosi natuma kwa basi ndizi, maharage na unga, kamsubiri kondakta mapema, mara ile ndizi ziliivia stendi. Na unitumie deni limebaki shilingi ngapi, kiasi kamili, usipunguze ili nisishtuke. Baba yako sijamwambia. Lakini tangu wiki iliyopita anauzungukia ule mti wa mbao, mgrevilea mkubwa wa karibu na zizi, jana nimemkuta anaupima na kamba, nikamuuliza unataka kufanya nini akasema hakuna kitu. Nadhani na yeye ile meseji ilimfikia.

Mama yako