Kamera ya mtumba kutoka mtandaoni: kovu si kitu, ogopa kuvu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga picha wa harusi na kipaimara hapa Sengerema. Tangu nianze kazi natumia Canon 1300D na lensi yake ya 18-55. Nimejikusanyia akiba inayofika dola 1,000. Kwenye duka moja la mtandaoni la Marekani nimeona Canon 5D Mark III iliyotumika, daraja EX+ (yaani hali nzuri sana), shata, lile pazia linalofunguka kila picha, imepiga mara 92,000, dola 480. Duka hilo hilo lina lensi ya 24-70 f/2.8 kwa dola 380, wameandika ina “haze” nyepesi isiyoathiri picha. Hawatumi mzigo Tanzania, ila kuna wakala mwenye ghala kule anayepokea na kuleta mpaka Dar. Ninunue vyote viwili? Na nitajuaje kama kamera ni nzima?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lensi, chukua; lensi iache huko huko. Nianze na lensi, maana ndiyo itakayokula hela yako huku ukidhani umepata.

Huku kwetu tukiona kitu cheupe ndani ya lensi tunasema ina ukungu, basi. Neno hilo moja linabeba magonjwa mawili. La kwanza ndilo hao wanaloliita haze: utando mwembamba kama kioo kilichopumuliwa, na mara nyingi hutokana na mafuta ya kulainishia yaliyomo ndani ya lensi kutoa mvuke na kutua juu ya vioo. La pili ni kuvu, kitu chenye uhai, kinachotambaa kama uzi wa buibui kutoka pembeni ya kioo kwenda katikati. Utando ukiwahiwa, fundi hufungua lensi na kuufuta. Kuvu nayo hufutika, ila inapokua hutoa asidi inayochimba koti la kioo, ule utando uliopakwa kiwandani juu yake, na koti likishachimbika hakuna fundi wa kulirudisha. Tena kwa picha moja ya tangazo huwezi kujua unachouziwa ni kipi.

Hilo neno “isiyoathiri picha” huenda ni la kweli kwa aliyeijaribu dukani, mwanga ukitoka nyuma yake. Wewe hupigi picha hivyo. Wewe utampeleka bibi harusi Capri Point pale Mwanza saa kumi na mbili na nusu jioni, jua linazama ng’ambo ya ghuba, umsimamishe mwanga ukiwa nyuma yake. Hapo utando utautawanya mwanga ndani ya lensi, suti nyeusi ya bwana harusi itageuka kijivu na shela litayeyuka kwenye anga. Ni picha ambayo mteja amekulipa kwa ajili yake.

Halafu kuna hali yetu ya hewa. Kuvu hupenda unyevu wa kuanzia kama asilimia 60 kwenda juu, giza, na hewa iliyotulia. Begi la kamera lililofungwa na kusukumwa uvunguni, kwenye nyumba iliyo karibu na ziwa, lina vyote vitatu. Lensi iliyokuwa na uzi mmoja umelala kwenye hewa kavu ya ughaibuni itaamka hapa. Yamenikuta. Niliwahi kununua lensi ya 70-200 kwa muuzaji wa nje, maelezo yakasema ina vumbi la kawaida tu. Ilipofika nikaimulika tochi, nikaona nyuzi tatu pembeni. Muuzaji alikubali niirudishe, lakini nauli ilikuwa juu yangu na ilikaribia nusu ya bei. Nikabaki nayo. Msimu mmoja wa mvua ulitosha kuzifikisha nyuzi zile katikati ya kioo. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeikopea.

Kwa hiyo nikisoma tangazo, makovu ya nje hayanisumbui hata kidogo. Bodi iliyokwaruzika, rangi iliyobanduka kwenye kona, mpira uliolegea, hayo ni makovu, na ndiyo yanayoshusha bei kwa faida yako. Kila duka lina herufi zake, zisome kwenye ukurasa wao wenyewe. Kwa mfano KEH, duka la jimbo la Georgia lililoanza mwaka 1979, huandika BGN kwa kifaa kilichochakaa sura lakini kinafanya kazi, na UG kwa kile ambacho vioo vyake vinaweza kuwa na alama au kuvu inayoharibu picha. BGN naichukua bila wasiwasi. Wauzaji binafsi wa Japani hupenda kuandika “Near Mint” (karibu kama mpya) juu kabisa, kisha ukishuka chini unakuta ukungu na vumbi vimetajwa kwa uwazi. Mstari wa chini ndio wa kuamini.

Sasa bodi. Hiyo Mark III ilitoka mwaka 2012, na Canon waliipima shata yake kwa mapigo 150,000. Imebakiza 58,000. Ukipiga picha 1,500 kwa harusi moja, ni harusi 38 kabla ya kufika kwenye kipimo hicho. Kufika hapo si kufa: kuna shata zinazovuka mbali, kuna zinazokatika mapema, na shata hubadilishwa. Ila elewa mambo mawili. Kamera hii haiandiki idadi ya mapigo ndani ya faili la picha kama Nikon zinavyofanya, husomwa kwa kuunganisha kamera na kompyuta yenye programu maalumu. Waombe picha ya skrini inayoonyesha idadi pamoja na namba ya kamera. Pili, video haihesabiki. Kamera iliyorekodi ibada nzima kila Jumapili inaweza kuonyesha mapigo machache huku sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, imechemka kwa mamia ya saa.

Jambo ambalo naona hukulifikiria ni yule wakala. Duka likikupa siku 14 za kurudisha, siku hizo zinaanza mzigo unapopokelewa ghalani kwake, si unapoushika wewe Sengerema. Akusanye mizigo ya wengine, apandishe ndege, mzigo utoke forodhani Dar, upande basi mpaka Mwanza, uvuke daraja la Kigongo-Busisi: wakati unafungua boksi, siku zimekwisha. Udhamini wa miezi 6 unaotolewa na baadhi ya maduka makubwa hausaidii sana pia, kwani nauli ya kurudisha iko mfukoni mwako. Una ndugu au mtu wa kanisani anayeishi kule? Mzigo upelekwe kwake, aijaribu siku hiyo hiyo, ndipo aikabidhi kwa wakala. Ukikosa mtu, tafuta duka linalotuma Tanzania moja kwa moja hata kama bei imezidi kidogo. Lipa kwa kadi au PayPal; kwa PayPal una siku 180 za kufungua malalamiko. Anayekutaka utume hela kama zawadi kwa rafiki anakutoa kwenye ulinzi huo, achana naye.

Tupige hesabu. Bodi na lensi ni 860, weka usafiri na bima 90, unapata 950. VAT ya asilimia 18 juu ya hiyo ni 171, tayari umevuka akiba yako, na ushuru wa forodha bado. VAT yenyewe hupigwa juu ya thamani pamoja na ushuru, kwa hiyo itapanda. Bodi peke yake: 480 na usafiri 70 ni 550, VAT 99, jumla 649. Unabaki na 351 za ushuru na lensi. Muulize wakala mapema kama bei yake imeshajumlisha kodi, na akujibu kwa maandishi.

Atakayeijaribu afanye hivi. Afungue mlango wa kadi, amulike tundu la CF (ile kadi kubwa ya kumbukumbu; SD ndiyo ndogo) kwa tochi aone kama pini zote zimesimama wima, maana ukichomeka kadi vibaya pini hupinda, na huo ni ugonjwa maarufu wa bodi hii. Apige na CF, kisha SD. Aweke f/16, yaani tundu la lensi liwe dogo, apige ukuta mweupe au anga bila kufokasi, avute picha kubwa atafute madoa meusi: hayo ni vumbi kwenye sensa na husafishika. Afunike kifuniko cha lensi, apige kwa sekunde kadhaa, aangalie vinukta vyenye rangi vinavyong’aa. Vichache si tatizo. Abonyeze kila kitufe, aweke flashi juu, arekodi video dakika kumi.

Betri isafiri ndani ya boksi pamoja na kamera, kwani tangu 2016 betri za lithiamu zilizofungwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Chaja ya kamera haina shida na umeme wetu wa volti 230, ila siku utakayotamani taa za studio kutoka Marekani au Japani soma kibandiko kwanza: iliyoandikwa 120 au 100 pekee itaungua. Na usije ukashawishika na Sony ya soko la Japani, nyingi menyu zake ni Kijapani tu.

Ikifika, usiirudishe uvunguni. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka vifuko vya silika jeli vinavyofyonza unyevu, na ufungue mara kwa mara. Mchele usitumie, unga wake huingia kwenye pete za lensi.

Na hili ulijue kabla ya kulipa: lensi yako ya 18-55 haiingii kwenye 5D. Ni ya aina ya EF-S, imetengenezwa kwa sensa ndogo kama ya 1300D. Kwa hiyo nunua EF 50mm f/1.8 STM, tena mpya, kwa kuwa ni ya bei ndogo na punguzo la mtumba lingeishia kwenye nauli. Inaingia kwenye bodi zote mbili. 1300D usiiuze: ibaki na 18-55 kwa picha za ukumbi mzima na familia zilizobanana jukwaani, 5D na 50mm ziwe za sura.