Tiketi ya kuanzia Nairobi: begi linakwendaje?

Mkuu, umeuliza kama begi ukilikabidhi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, litafika London lenyewe, wakati tiketi yako ya bei nafuu inaanzia Nairobi. Tiketi zikiwa mbili tofauti, usitegemee. Utagongewa muhuri wa kuingia Kenya, utachukua begi kwenye mkanda, kisha ulikabidhi upya. Kilo nazo angalia za tiketi zote mbili, maana ile yenye kilo chache ndiyo itakayokubana.

Mimi huku Moshi huenda Nairobi kwa basi dogo kupitia mpaka wa Namanga, tena siku moja kabla ya ndege. Safari moja malori yalituziba kabla ya Athi River, nimepakata begi dogo huku natazama saa. Jirani yangu wa siti alikosa ndege, hakurudishiwa hata senti.

Halafu usijaribu kuacha kipande cha kwanza cha safari ya ndege kwenye tiketi ili upandie mbele. Kwa kawaida vilivyobaki hufutwa vyote, hadi cha kurudi. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, Kenya waliipiga marufuku 2017.

Jumlisha basi, chakula na gesti ya kwenda na kurudi. Ukiona unaokoa elfu hamsini tu, panda KIA.