Kwa anayeanza kusoma usistematiki wa fikra

Usistematiki ni hali ya uwezo wa kufikiri wazo moja kuambatana na uwezo wa kufikiri mawazo mengine yenye muundo kama wake. Hutakaa sana kwenye somo hili kabla hujakutana na makala ya mwanafalsafa Jerry Fodor na mwanasayansi wa akili Zenon Pylyshyn ya mwaka 1988. Wengi huisoma wakatoka na jambo moja tu: anayeweza kufikiri kwamba Juma anampenda Asha, anaweza pia kufikiri kwamba Asha anampenda Juma. Ni kweli, ila huo ni mwanzo tu wa hoja yao.

Itazame sentensi yenyewe. Kitenzi "anampenda" hakibadiliki hata herufi. Majina yamepishana tu, na aliyependa amekuwa anayependwa. Sasa geuza "Juma anasoma kitabu" iwe "Kitabu kinamsoma Juma". Utasema haiwezekani. Lakini usingeweza kusema hivyo kama hukuielewa. Hapa ndipo wanafunzi wanapoteleza sana: hudhani tunapima ukweli wa sentensi, kumbe tunapima kama inaeleweka.

Usiuchanganye usistematiki na uwezo wa kutunga sentensi zisizo na kikomo. Huo una ubishi wake, kwani hakuna binadamu aliyewahi kuzimaliza. Usistematiki unatosheka na sentensi mbili, ndiyo maana naiona hoja hii ni imara zaidi. Hata katika kuhitimisha mambo: anayesikia "Asha, Juma na Musa wameondoka" akajua Asha ameondoka, hashindwi akisikia "Asha na Juma wameondoka".

Ugumu wenyewe uko hapa, usiupite mbio. Fodor na Pylyshyn hawakusema kwamba mitandao ya neva bandia, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na mifano, haiwezi kufunzwa sentensi zote mbili. Inaweza. Ila mtandao uleule ungeweza kufunzwa moja ukaikosa nyingine, na akili za watu haziko hivyo. Kwa nini? Walitaka jibu litokane na muundo wenyewe wa akili.

Kwa hiyo kila unaposoma jaribio, uliza uwezo ulioonekana umetoka wapi. Mwaka 2018 watafiti Brenden Lake na Marco Baroni walionyesha mitandao iliyojua amri ya "ruka" peke yake, ikajua "mara mbili" kwa vitenzi vingine, lakini ikashindwa "ruka mara mbili". Mwaka 2023 walionyesha mtandao uliokaribia uwezo wa watu wa kuunganisha maneno kwa namna mpya, baada ya kufunzwa kwa mfululizo wa kazi zilizobuniwa makusudi kuujenga uwezo huo. Ni kazi nzuri sana. Lakini ukiambiwa imemaliza mjadala, usikubali haraka: uwezo ule umetokana na mafunzo, na swali la 1988 lilikuwa juu ya muundo.