Raba za kugotea: pima kwanza, ndipo ukate au uongeze

Fundi akikwambia, "Tuzitoe tu hizi raba ili ekseli ipande zaidi," mwombe kwanza tepu ya kupimia. Raba anazozisema ni zile zinazoning'inia chini ya chasisi, juu ya ekseli. Dukani Kariakoo waulize bampu stopu. Hapa tutaziita raba za kugotea, kwa sababu ndipo ekseli inapogota gurudumu linapopanda hadi mwisho. Lazima raba iwe kitu cha kwanza kuguswa. Ukiitoa, kitu kingine kitabeba kipigo hicho: pistoni ya shokapu itagonga kitako chake, tairi litakula madigadi, au difu ya mbele itapiga sampu (bakuli la oili) ya injini. Kati ya hivyo vyote hakuna cha bei ya raba.

Lala chini ya gari kabla ya kufungua nati yoyote. Raba iliyopasuka au iliyong'aa nchani inapigwa mara kwa mara. Raba nzima isiyo na alama, yenye vumbi la zamani, huku shokapu ya upande huohuo inavuja mafuta, ni habari mbaya zaidi: inawezekana shokapu ndiyo inayogota kabla ya raba. Kagua pia vishikio vya shokapu kwenye chasisi. Ufa mwembamba kama unywele pembeni ya weldingi mara nyingi huanzia hapo, na ukiukuta, utengenezwe kwanza.

Sasa upimaji, ambao ndio kazi yenyewe. Tenga nusu siku na sakafu ya zege iliyo sawa. Udongo wa uani hautufai kwa sababu stendi zinazama. Anza na gari likiwa chini kwa uzito wake wa kawaida. Pima nafasi kati ya ncha ya raba na mahali itakapotua kwenye ekseli, kisha umbali wa shokapu kutoka kishikio cha juu hadi cha chini. Andika, kila upande peke yake, maana kushoto na kulia hupishana mara nyingi.

Kisha zuia magurudumu, inua gari, kalisha chasisi juu ya stendi nne. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja. Toa shokapu, zibonyeze kwa mkono hadi zifunge kabisa na upime urefu wake zikiwa hivyo. Toa springi pia. Land Cruiser 79 ina koili mbele na springi za majani nyuma. Koili zitatoka ukishusha ekseli taratibu kwa jeki, huku ukichunga paipu za breki zisivutwe. Kwa springi za majani, fungua yubolti (bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli), toa majani ya kati, bakiza jani kuu lenye macho ili ekseli isihame. Hali hiyo ni ya kupimia tu, gari lisiendeshwe. Wakati wa kurudisha, weka yubolti mpya. Za zamani zimeshavutika, hazikazi tena inavyotakiwa.

Raba ikiwa nje na matairi utakayotumia yakiwa yamefungwa, pandisha ekseli kwa jeki polepole hadi kitu cha kwanza kikaribie kugusana. Fanya hivyo pande zote mbili kwa pamoja, halafu upande mmoja juu na mwingine chini, usukani ukikatwa hadi mwisho kushoto na kulia. Hilo la upande mmoja juu ndilo wageni huliruka, na ndilo linalochana madigadi. Raba imekaa ndani zaidi kuliko tairi, kwa hiyo ekseli ikigota upande mmoja inageuka kama mzani na tairi linaendelea kupanda. Tuseme raba zimeachana milimita 1,000 na matairi 1,500, kati hadi kati. Ekseli ikiinama hadi tofauti kwenye raba iwe milimita 200, tairi la upande wa juu litakuwa limepanda milimita 50 kupita mahali palipo raba yake. Ukipima kwa pande zote mbili pamoja tu, hizo 50 huzioni.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua shokapu inayosimama karibu wima: ikifungwa kabisa ni milimita 380, gari likisimama ni 520. Ina 140 za kupanda. Bakiza 15 zisiguswe kamwe, zimebaki 125. Nafasi chini ya raba ni 80, raba ina kimo cha 70 na inabonyea hadi nusu, yaani 35. Jumla ni 115. Raba inagota kabla, shokapu iko salama.

Sasa gari hilohilo linyanyuliwe milimita 50 kwa springi mpya, na shokapu ndefu zaidi: 420 ikifungwa, 570 gari likisimama. Ina 150 za kupanda, ukitoa 15 unabaki na 135. Lakini nafasi chini ya raba sasa ni 130, na raba bado inabonyea 35, jumla 165. Shokapu itagota milimita 15 kabla ya raba kumaliza kazi. Unahitaji kuishusha raba kwa milimita 30: hizo 15, na zile 15 za kubakiza. Utasikia kanuni ya gereji kwamba umenyanyua 50, basi weka kipande cha 50 juu ya raba kuishusha. Ukiifuata hapa unapoteza milimita 20 za ekseli kupanda bila sababu, na gari litakuwa gumu kwenye mashimo. Kwa gari jingine kanuni hiyohiyo inaweza kupungukiwa. Kama shokapu imelala, usitumie hesabu hii moja kwa moja; soma umbali wa vishikio vyake kila unapopandisha ekseli.

Kipande cha kushushia raba kiwe cha chuma au alumini, kimoja kizima. Rundo la washa za bolti litalegea, mbao itapasuka. Bolti iwe daraja la 8.8 (namba ya uimara iliyoandikwa kichwani mwake), na nyuzi zinazoingia zisipungue unene wa bolti yenyewe: bolti ya M10, milimita 10 za nyuzi. Bolti kavu ya M8 ya daraja hilo inakazwa kama Nm 25 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ya M10 kama Nm 50. Raba ambayo bolti yake imegandishwa ndani ya mpira usiikaze hivyo. Itazunguka na kung'oka. Ukilazimika kuchomelea, toa waya za betri, sogeza paipu za breki na za mafuta, na usitoboe wala kuchomelea ukingo wa juu au wa chini wa chasisi.

Kukata raba kuna hasara isiyoonekana haraka. Ncha nyembamba ndiyo inayopokea ekseli kwa upole. Ukiikata, kipigo kinaanzia kwenye sehemu nene na ngumu. Vilevile raba ya 70 iliyokuwa inabonyea 35, ikibaki 50 itabonyea takribani 25, kwa hiyo nguvu ileile inasimamishwa kwa umbali mfupi na chasisi ndiyo inaisikia. Afadhali ununue fupi iliyotengenezwa hivyo. Zile za sponji, nyepesi na zenye vitundu vidogo, hubonyea kupita nusu ya kimo chake na zinafaa zaidi kwa njia mbovu kuliko plastiki ngumu ya rangi. Ukilazimika kukata, kata zile tu zisizogandishwa kwenye bati, tena upande wa kitako, kwa msumeno wa meno madogo na maji ya sabuni. Grenda inaunguza mpira.

Angalia raba inapotua. Gari lililonyanyuliwa, ekseli husogea kidogo mbele au nyuma, na raba inaweza kupiga ukingo badala ya katikati. Paka grisi kwenye ekseli, pandisha kwa jeki, soma alama kwenye raba. Kama imetua pembeni, tengeneza kitako cha bati la milimita 6, kipana kuliko raba kwa milimita 10 kila upande.

Hilux za kisasa na nyinginezo zenye mikono mbele badala ya ekseli nzima zina raba za kupanda na za kushuka. Ukinyanyua sana, mkono wa juu unakaa karibu kugusa raba ya kushuka, na kila tuta litasikika "ko!" Dawa yake ni kupunguza kimo cha gari. Raba hiyo usiikate, maana inazuia joiniti za ekseli zisipinde kupita kiasi.

Pima tena gari likiwa na mzigo wa kweli: mafuta kamili, maji, tairi la akiba, watu. Nafasi chini ya raba ikipungua zaidi ya nusu, springi ni laini kwa mzigo huo, na raba haiwezi kuwa springi ya pili. Nyuma, kama breki ina valvu inayosoma mzigo kwa fimbo iliyofungwa kwenye ekseli, irekebishe. Gari likinyanyuliwa valvu hudhani ni tupu na inapunguza breki.

Jaribio la mwisho ni la barabarani. Zungusha tai ya plastiki kwenye fimbo ya shokapu, isukume hadi iguse mwili wake, kisha pita matuta ya mtaani na kipande cha udongo wenye makunyanzi kuelekea Kimbiji. Ukirudi, tai itakuwa imesimama pale fimbo ilipoishia, na kilichobaki juu yake ndiyo akiba yako halisi. Ikiwa chini ya milimita 15, ongeza kipande. Kama shokapu ina kifuniko kinachoficha fimbo, bandika donge la unga wa ngano uliokandwa juu ya ekseli na upime unene uliobaki. Kaza bolti upya baada ya kilomita 500, na kama gari hulala karibu na bahari, paka praima ya zinki kwenye kila sehemu uliyochomelea kabla ya rangi, na kama kipande chako ni cha bomba, ndani yake pia.